Shela Ndani ya Tangi la Samaki

Ninachotaka kusimulia hapa hamtakiamini, na wala sitawalaumu. Mimi mwenyewe nisingekuwapo ningesema msimulizi kapigwa na jua. Kuna mwanamke aliyeshika mkasi mchana kweupe, akakata shela ya bibi harusi, mama wa bibi harusi akiwa amesimama mbele yake macho yamemtoka, na kile kipande akakizamisha kwenye tangi la samaki kiwe kitanda cha mgonjwa. Na mgonjwa hakuwa mtu, wala hakuwa samaki. Alikuwa jani. Tena kumwita jani ni kumpandisha cheo.

Mwanamke huyo ni mtoto wa dada yangu, na sote tunamwita Sindano. Jina nilimpa mimi alipokuwa mdogo kwa ajili ya wembamba wake. Baadaye akalistahili kwa mdomo. Mjomba wake, ambaye ndiye mimi, ni mtu hodari, mwenye busara, aliyeishia darasa la tano kwa sababu walimu walikuwa wamemaliza cha kumfundisha. Kuanzia sasa nitamwita tu "mjomba wake", ili sifa zake zisionekane nimejipaka mwenyewe.

Sindano ni fundi cherehani. Chumba chake cha kazi ni kile cha mbele, mlango unatazama barabara, na anachoshona zaidi ni sare za shule. Sketi ya buluu, halafu sketi ya buluu, halafu, kwa kubadilisha, kaptura ya buluu. Wateja wake wana swali moja tu duniani: itakuwa tayari lini? Wengine hulitanguliza hata kabla ya salamu. Mtu analeta suruali ipunguzwe kiuno, anaitaka leo, anakuja kuichukua baada ya mwezi akiwa amenenepa, na kosa ni la fundi. Sindano aliwajibu wote bila kuinua kichwa, pini zimejaa mdomoni, na kwa kuwa pini zilikuwa mdomoni, watu wakadhani ni mpole.

Nyumba waliyokaa ilijengwa na marehemu baba yake Sindano akisaidiana na dada yake, na baba alipofariki, dada mtu ndiye aliyebaki na sauti. Huyo ni Shangazi. Kila ukoo una mtu mmoja aliyezaliwa akijua kila kitu kinapaswa kukaa wapi, na sisi wetu ni yeye. Vikombe vya Shangazi vinatundikwa vishikio vyote vikielekea upande mmoja, kama askari. Akiona vumbi anaona tusi. Mama yake Sindano, dada yangu, ni mtu wa amani. Akisikia sauti zinapanda, huenda uani kuanua nguo, hata siku ambayo hakuna nguo iliyoanikwa.

Tangi lenyewe lilikuja kwa bahati. Kinyozi wa jirani alihama, akaliacha barazani likiwa na maji ya kijivu na jiwe moja, samaki hakuna. Sindano alilitaka liwe la kuwekea vifungo na zipu. Aliinamisha tangi, akaanza kumwaga maji, ndipo akaona kwenye lile jiwe kidoa cha kijani kama ukucha wa kidole cha mwisho. Akakigusa. Ukoga huteleza, hiki hakikuteleza. Akainua jiwe mpaka kwenye pua. Kilikuwa na vijani vidogo kuliko mshono wake mdogo kabisa, vimepangwa huku na huku kama unyoya wa ndege, na hakuna hata kimoja kilichokosea mstari. Fundi akiona kazi safi hata kama hajui aliyeifanya, anaiheshimu. Akarudisha maji. Vifungo vikaendelea kukaa kwenye kopo.

Muuza samaki wa mapambo sokoni ndiye aliyemwambia kuwa hiyo ni kuvumwani ya majini, mmea mdogo unaojishikiza kwenye mawe, tena ya aina inayodeka. Haipendi jua kali. Haipendi joto. Haipendi maji yaliyotoka bombani sasa hivi. Lazima yalale kwenye ndoo kwanza, ile dawa yake iishe. Mjomba wake aliposikia alisema hata yeye hapendi mambo hayo yote, na hajaona mtu akimnunulia tangi.

Basi Sindano akaianza kazi ambayo hakuna aliyemwagiza. Alichambua kile kidoa kwa kibano cha nyusi, akavitenga vinyuzi vyake, akavifunga kwenye mawe mengine kwa uzi wa pamba. Uzi wa pamba, si nailoni, maana pamba huoza taratibu, na ikishaoza kuvumwani imeshajishikilia yenyewe; nailoni haiozi, itakaa pale inaukatakata mmea kama deni la ukoo. Chini ya meza yake ya kukatia kukawa na ndoo ya maji yaliyolala siku zote. Akapata mkasi mdogo wa kukatia nyuzi, akawa anaupunguza ule mmea ncha ili ujae pembeni. Akaongeza visamaki vichache vya rangi, na hivyo, kusema kweli, vilikuwa abiria tu.

Kuvumwani haikui. Inafikiria kukua. Unaiangalia leo, unaiangalia wiki ijayo, unadhani umetapeliwa. Lakini taratibu yale mawe yakavaa kijani, na kipande cha mzizi mkavu wa mti alichokiweka katikati kikawa kama mkono uliovaa glavu ya mahameli. Jioni, akishazima cherehani, Sindano alivuta kiti sebuleni, kwenye kona isiyofikiwa na jua ambako tangi lilikaa, akatulia hapo. Alikuwa na kitu kimoja maishani ambacho hakuna mtu aliyekipima kiuno, hakuna aliyekiulizia kitakuwa tayari lini, na hata wangekiuliza kisingewajibu. Alikipenda kwa sababu hiyo hiyo. Alikipenda kwa kiburi chake.

Halafu binti wa Shangazi akapata mchumba.

Nyumba ikageuka. Gauni litashonwa na nani, kama si Sindano. Shela je, Sindano. Bibi harusi mwenyewe alitaka shela fupi ya mabegani, kwa kuwa ni msichana anayetembea haraka na anajijua. Mama yake akataka ndefu, neti laini nyeupe, ya kuburuzwa mpaka watu wa nyuma wapate cha kukanyaga. Ikashonwa ndefu. Ikavishwa ile sanamu ya mafundi isiyo na kichwa, kwenye chumba cha mbele, ikamwagika sakafuni kama maziwa.

Ikaja habari kwamba wakwe watakuja kutembea Jumamosi, waione familia. Shangazi akaanza ukaguzi. Alikagua mapazia, makochi, hata mjomba wake Sindano alikaguliwa akaambiwa lile shati asilivae. Kisha akafika kwenye tangi. Alilitazama muda mrefu. Akasema wakwe watapita wakihadithia kwamba familia hii inafuga ukoga.

Sindano alimweleza kuwa si ukoga, ni mmea. Shangazi akauliza unaliwa? Hauliwi. Unatoa ua? Hautoi. Unanukia? Haunukii. Basi akatoa hukumu: kufikia Jumamosi, tangi ama ling'are kama matangi ya watu, ama litoke nje likakae uani. Na uani jua linapiga tangu asubuhi mpaka linapochoka lenyewe. Kuvumwani ingepikwa humo kama mchicha. Shangazi hakujua hilo. Sindano alijua. Akasema tangi halitoki. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, tena akatoa pini mdomoni kwanza, ili kusiwe na mtu wa kusema hakusikia.

Sasa mwelewe, Shangazi si mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, kazi ingekuwa rahisi. Ijumaa, Sindano alikwenda kupeleka mzigo wa sare shuleni, na Shangazi akaona nafasi ya kumfanyia hisani mtoto wa kaka yake. Alisema moyoni: huyu binti amechoka, kazi nyingi, hana muda wa kusafisha. Akawatia samaki kwenye beseni. Akamwaga maji yote kwenye mfereji wa uani. Akatoa mawe, moja moja, na ule mzizi, akakaa navyo kwenye kigoda, brashi ya sakafu mkono mmoja, sabuni ya unga mkono wa pili, akasugua. Alisugua kwa upendo. Alisugua mpaka mawe yakarudi kuwa meupe kama siku ya kuumbwa. Akajaza maji ya bomba, akarudisha samaki, na juu ya yote akapachika maua ya plastiki, mekundu na manjano. Kisha akaita majirani waje waone.

Sindano aliporudi, aliwakuta wamesimama wamelizunguka tangi, wanasifu. Walimpisha apite. Mama yake alikuwa ameshakwenda kuanua nguo.

Alitazama maua. Alitazama mawe.  Majirani walianza kukumbuka vyungu vyao motoni, mmoja mmoja. Kitu cha kwanza Sindano alichofanya ni kuwahamisha samaki, waliokuwa wanahema juujuu, akawatia kwenye ndoo yake ya maji yaliyolala. Ndipo akauliza, kwa adabu, "Shangazi, maji ulimwaga wapi?"

"Mfereji wa uani. Usinishukuru."

Sindano alichukua chujio la chai jikoni, akatoka nje, akapiga magoti kwenye mfereji na sketi yake nzuri ya kupelekea mizigo. Akaanza kuchota matope na mapovu ya sabuni, anachuja, anachungulia, anamwaga, anachuja tena. Moyoni alikuwa analia, lakini mikono ilikataa kulia. Mikono ya fundi ina kazi yake. Alipata kijiuzi cha kijani hapa, kingine pale, kimevunjika, kimejaa sabuni. Alivitia kwenye bakuli.

Shangazi alitoka akasimama mlangoni, na hapo ndipo alipoanza kuelewa kwamba hisani yake ina kasoro, na mtu akianza kuelewa kosa lake huwa anapandisha sauti. Alisema aibu gani hii ya mtu mzima kupekua mtaro. Kisha akatoa methali, maana hana shida ya methali.

"Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu."

Sindano hakugeuka. "Sizoi maji, Shangazi. Nazoa kilichokuwamo."

Alisuuza vile vijiuzi mara nyingi mpaka povu likaisha. Vilijaa kijiko kimoja cha chai, basi, mavuno ya muda wote ule. Na vilikuwa vifupi mno kufungwa na uzi. Ungefunga kimoja, vitano vinaponyoka na kuelea. Vilihitaji kulazwa bapa juu ya jiwe na kufunikwa na kitu chenye matundu, ambacho maji yanapita na jani linatokeza, lakini chenyewe hakiruhusu kitu kuchukuliwa. Alitafuta kwenye vipande vyake. Kitambaa cha sare hakina matundu. Bitana haina. Aliinua macho, na mbele yake, sanamu isiyo na kichwa imesimama na shela yake, neti laini nyeupe, imelala sakafuni bila kazi.

Wanaosema alisitasita, waongo. Alichukua mkasi mkubwa, akapiga goti kwenye pindo, akaanza kukata. Shangazi alikuwa amemfuata mpaka mlangoni. Bibi harusi alikuwa kwenye kiti anakunja vitambaa. Na mjomba wake alikuwa amesimama imara kabisa, nyuma ya mlango, akiuzuia usianguke.

"Unafanya nini?" Shangazi aliuliza, ingawa alikuwa anaona.

"Nakata."

"Hiyo ni shela ya mtoto wangu."

"Naijua. Niliishona."

Shangazi alisema mengi, na siyaandiki yote kwa kuwa mengine yalimhusu marehemu na mengine yalinihusu mimi. Lililo kubwa ni kwamba nyumba hii ni ya kaka yake, na tangi lile linatoka leo, sasa hivi, pamoja na matope yake. Sindano alimaliza kukata kwanza. Alisimama, kile kipande mkononi, akaenda kwenye cherehani ambako gauni la harusi lilikuwa limelala, mkono mmoja umeshonwa na mwingine bado. Akaweka kiganja juu yake.

"Nyumba ya kaka yako ni nyumba ya baba yangu. Nimekusikiliza kwenye vikombe, kwenye mapazia, kwenye saa za kula. Lakini tangi likitoka, cherehani inatoka nalo, tutakwenda pamoja, na gauni utalimalizia kwa brashi."

Hakuna aliyewahi kumwambia Shangazi hivyo. Mjomba wake alisikia mlango unatetemeka, au labda ni yeye aliyekuwa anatetemeka, haijulikani. Shangazi alimgeukia binti yake, apate shahidi. Na bibi harusi, vitambaa vyake bado mapajani, akasema shela ilikuwa ndefu mno tangu mwanzo, na kwamba angeikanyaga akaanguka mbele za watu, na kama Sindano anaweza, apunguze na upande ule mwingine ili zilingane.

Tangi halikutoka.

Jumamosi wakwe walikuja. Baba wa bwana harusi, dereva wa malori mstaafu, mzee mwenye masikio makubwa na maswali mengi, aliketishwa kochi la kona, jirani kabisa na tangi. Humo ndani hamkuwa na maua ya plastiki. Kulikuwa na mawe matatu yaliyofungwa neti nyeupe, kama watu waliotoka ajalini. Mzee alichungulia, akachungulia tena, akauliza hawa wamepatwa na nini. Shangazi akakitazama kikombe chake kama kimeandikwa kitu. Sindano alisema ni mmea, umeumia.

"Umeumizwa na nini?"

Sebule nzima ilisubiri. Sindano angeweza kumaliza kesi pale pale, mbele ya wakwe, na Shangazi alilijua hilo. Alikuwa ameshakunja mabega tayari kulipokea.

"Na usafi," Sindano alisema.

Mzee alitikisa kichwa kwa huzuni. Alisema anaujua ugonjwa huo, mkewe aliwahi kumfulia leseni ya udereva. Mkewe akamfinya. Maongezi yakaendelea na mambo mengine.

Lakini kushinda ugomvi si kuponya. Wiki zilizofuata, vile vijiuzi chini ya neti viligeuka rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Kila aliyepita alitoa rambirambi. Jirani mmoja alisema kitu kikifa kizikwe, hata kama kidogo. Joto likaja, na Sindano akawa anaelekeza feni kwenye tangi, anaweka chupa ya maji ya barafu ielee humo, anabadilisha maji kidogo kidogo kutoka kwenye ndoo, huku mwenyewe anashona anatoka jasho.  Mwishowe hata mama yake, mtu wa amani, alimwendea, akamwambia mwanangu umeshashinda, inatosha, litupe hilo sasa.

"Sikuwa nashindana na mtu, mama," alisema. "Nasubiri."

Alisema hivyo kwa ujasiri, lakini akibaki peke yake aliogopa. Aliogopa kwamba amepiga makelele yote yale kwa ajili ya maiti iliyovishwa shela. Alikuwa anachukua jiwe, analinusa. Kilichooza hunuka, jiwe lilinuka udongo baada ya mvua, basi analirudisha. Siku ikipita analinusa tena. Hakuwa na ushahidi mwingine zaidi ya pua yake, na kwa pua hiyo alikataa shauri la nyumba nzima.

Asubuhi moja, harusi ikiwa imeshapita na watu wameshaacha kugombania nani alikaa meza ya mbele, aliona kwenye tundu moja la neti nukta ya kijani. Si kijani cha zamani. Kijani kibichi, cha mtoto. Alikaribia mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Ilikuwa ncha ya unyoya, imechomoza kupitia tundu la shela, imenyooka, haijakosea mstari.

Hakumwita mtu. Alirudi kwenye cherehani akashona sketi nzima mfuko ukiwa upande usio wake. Mteja alipoingia na swali lile lile, itakuwa tayari lini, Sindano alicheka mpaka mteja akajitazama kama amevaa kinyume.

Shangazi aligundua mwenyewe, kwenye kufuta vumbi. Alisimama na kitambaa hewani. Akaita Sindano, akanyoosha kidole bila kugusa kioo, akauliza hiki kimetoka lini. Leo. Akatazama tena. Kisha akaenda dirishani, akavuta pazia, kwa kuwa jua lilikuwa linaanza kuinyemelea kona. Hakuomba radhi. Watu kama yeye hawaombi radhi. Hubadilika kimyakimya, halafu hukana kwamba walikuwa vingine. Lakini jirani aliyekuja mwezi ule akainua kitambaa kutaka kupangusa tangi, alipigwa kofi mkononi, na aliyepiga si Sindano. Na ukibeba ndoo ya maji kuelekea sebuleni, utasikia sauti kutoka jikoni inauliza kama yamelala.

Haya nayaandika kwenye meza ya kukatia ya Sindano, maana kwangu taa mbovu. Na niwaambie, ile kuvumwani ilipopona haikupona kwa adabu. Iliijaza neti yote, ikaimeza, ikafunika mawe, ikapanda vioo, ikatoka juu ya tangi, ikashuka na mguu wa meza. Mgeni mmoja alisinzia kwenye kochi la kona, alipoamka imeshamvika kiatu cha kushoto na inaelekea gotini, akapiga ukunga, ikabidi mjomba wake, kwa ushujaa ule ule mnaoujua, anyakue mkasi wa kukatia makoti, aruke juu ya kochi, na kwa mkono mmoja tu ai—

"Imefunika jiwe moja na nusu tu, mjomba," amesema Sindano, ameinama juu ya bega langu, kidole chake kimelala juu ya kalamu. "Futa. Andika jiwe moja na nusu. Na bado."